Palay, bigas, kanin: je, anayepika kwa tui hujifunza Kitagalogi kwa wepesi zaidi?

#1 BintiMakumbi

Salaam, wadau. Mimi ni mpishi, naishi Muscat, na huu ni mwaka wa tatu tangu nianze kuishi nyumba moja na wanawake wawili wa Kifilipino, mmoja wa mkoa wa Quezon na mwingine wa Bicol. Miezi ya mwanzo nilijaribu kujifunza Kitagalogi, lugha kubwa ya Ufilipino, kwa programu ya simu iliyonipa orodha ya rangi, siku za wiki na viungo vya mwili. Nikilala nayo, nikiamka imeshaondoka.

Jioni moja yule wa Quezon alinikuta jikoni nimekaa juu ya mbuzi niliyoletewa kutoka Unguja, nakuna nazi. Alisimama mlangoni akapiga kofi moja, akaniomba nimpishe, akakaa yeye mguu huku na mguu kule, akaanza kukuna kwa mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utotoni. Akatia maji ya vuguvugu, akakamua, akaliweka tui la kwanza pembeni, akatia maji tena akakamua la pili. Kila alichokigusa alinitajia. Mbuzi kwao ni *kudkuran*, nazi ni *niyog*, dafu ni *buko*, tui ni *gata*, tui la kwanza ni *kakang gata*, kifuu ni *bao*, na makumbi ni *bunot*. Ni maneno saba kwa kikao kimoja, na mpaka leo sijapoteza hata moja.

Kesho yake tukaingia kwenye mchele. Mpunga ni *palay*, mchele ni *bigas*, wali ni *kanin*. Ukoko ni *tutong*, kiporo ni *bahaw*, uji wa mchele ni *lugaw*. Kisha nikauliza kile kinacholiwa pamoja na wali kinaitwaje kwa jumla, nikaambiwa ni *ulam*, nikaona hili si lingine ila kitoweo. Mwenzetu wa Sri Lanka tunayefanya naye kazi, ambaye anawasiliana nao kwa Kiingereza tu, aliambiwa *palay*, *bigas* na *kanin* zote ni kitu kimoja, kwa sababu Kiingereza cha kila siku huviita vyote *rice*.

Dai langu ni kwamba mtu aliyelelewa kwenye jiko la nazi na wali hujifunza Kitagalogi kwa wepesi zaidi, kwa kuwa nafasi ya kila neno imeshachongwa kichwani mwake, na inabaki kulitia neno tu. Ninauliza mambo mawili: je, ninyi mmeyaona hayo, na kama ni kweli, kufanana huku kumetoka wapi?

#2 NahodhaMstaafu

Ahsante kwa uzi huu, binti yangu. Nimekaa baharini miaka 22, na katika meli nyingi nilizozifanyia kazi nusu ya mabaharia walikuwa Wafilipino, kwa hiyo *kanin* na *ulam* nimezila kuliko nilivyokula ugali.

Jibu la swali lako la pili liko majini. Tazama ngalawa yetu yenye matengo mawili ubavuni, kisha tazama *bangka* yao, ambayo matengo yake huyaita *katig*. Huwezi kuniambia watu wawili wasiojuana walikaa kila mmoja ufukweni kwake wakabuni chombo kile kile. Kisha hesabu kwa Kitagalogi: *isa, dalawa, tatlo, apat, lima, anim, pito, walo*. Sasa mwulize mtu wa Madagaska akuhesabie: *isa, roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo*. Watu wa kundi lile walivuka bahari hii wakafika mlangoni petu. Ndizi, magimbi na viazi vikuu asili yake ni upande ule. Waliotuletea mmea ndio waliotufundisha kuupika, na ndiyo maana jiko letu na lao yanafahamiana.

#3 MwalimuWaSarufi

Nahodha yuko sahihi kuhusu Madagaska, lakini anatoka kwenye hoja moja na kurukia nyingine. Kitagalogi na Kimalagasi ni ndugu katika familia ya Kiaustronesia. Kiswahili ni Kibantu. Katika maneno yote aliyoyataja BintiMakumbi hakuna hata moja linalofanana na letu kwa sauti. *Gata* si tui, *niyog* si nazi, *tutong* si ukoko. Kilichofanana ni mgawanyo wa maana, na mgawanyo wa maana hausafiri kwa jahazi kama viazi.

Ushahidi ninao hapo hapo Madagaska. Wamalagasi, ambao ndio ndugu wa kweli wa Watagalogi, hutumia neno *vary* kwa mmea ulioko shambani na pia kwa chakula kilichoiva sahanini. Sisi tusio na udugu nao ndio tunaotenga mpunga, mchele na wali. Kama kufanana kungekuwa kumetoka kwa wasafiri wa kale, ungetarajia ndugu ndiye afanane zaidi. Maelezo yangu ni mepesi: anayelima, anayetwanga na anayepika ni watu wanaofanya kazi tatu, na kazi tatu huzaa maneno matatu.

#4 KijanaWaSatwa

Mwalimu, sasa Wamalagasi wao hawalimi, hawatwangi na hawapiki? Maelezo yako yamejikwaa kwenye mfano wako mwenyewe, nawe unamnyooshea kidole Nahodha.

Mimi ni wa Mombasa, niko Dubai, na ninakuja na upande mwingine kabisa. Dada BintiMakumbi anasema Kiswahili kilimsaidia, mimi kilinipoteza. Wiki yangu ya kwanza kazini tulikuwa tunahesabu bidhaa za ghala, na mwenzangu Mfilipino akawa anaangalia karatasi yangu huku akisema "*Mali, mali*." Nilifurahi, nikajua anaisifu bidhaa. Nikaendelea kuhesabu vile vile mpaka jioni. *Mali* kwa Kitagalogi ni kosa. Ilitubidi turudie hesabu ya rafu kumi na moja, na yule dada alikaa nami mpaka saa nne za usiku bila kunung'unika.

Baada ya hapo nilianza kuyaandika maneno ya namna hiyo kwenye daftari. *Saba* ni aina ya ndizi za kupika. *Bata* ni mtoto. *Baba* ni kidevu. *Mama* ni namna ya kumwita mwanamume usiyemjua. *Paa* ni mguu. *Pera* ni pesa. *Sana* ni neno la kutamani jambo litokee, na *kasi* ni kwa sababu. *Suka* ni siki. Hayo nayo sijayasahau, kwa sababu kila moja limegongana na neno langu mwenyewe. Kwa hiyo nasema kinachokamata neno ni mshtuko, awe mtu amekuna nazi au hajakuna.

#5 MamaWaWatatu_Tanga

Nimesoma hapo kwenye *suka* nikakumbuka kisa. Jirani yangu aliyerudi kutoka Doha alinipikia kuku wa *adobo*, akanieleza kwamba ametia *suka*, na mwanawe aliyezaliwa huko akamwambia, "Mama, umesema matapishi." Tuliacha kula kwa dakika nzima. Je, neno hilo lina maana mbili kweli, au mtoto alikuwa anamtania mama yake?

#6 MwalimuWaSarufi

Mtoto alisema kweli, dada. Ni maneno mawili. La siki hukatwa ghafla kooni mwishoni, kama vile pumzi imefungiwa mlango. La kutapika linaachwa liende wazi. Katika maandishi ya kawaida Watagalogi hawaweki alama yoyote, kwa hiyo anayejifunza kwa orodha ya simu hawezi kuitambua tofauti hiyo, na anayejifunza kwa mtu aliyeshika chupa ya siki huipata mara ya kwanza. Katika hilo ninakubaliana na mleta uzi kwa moyo wote.

Kuhusu *adobo*, jina ni la Kihispania lakini upishi ni wao wenyewe. Mtawa Mhispania, Pedro de San Buenaventura, alichapisha kamusi ya Kitagalogi mwaka 1613, na humo akakiita chakula hicho adobo ya wenyeji. Aliona watu wanahifadhi nyama kwa siki na chumvi, jambo wanaloliweza watu wa nchi ya joto tangu zamani, akalipa jina alilolijua kwao.

#7 Mshindo_Bukavu

Wandugu, salamu kutoka Winnipeg. Ninasoma na ninajiona niko nje ya mlango. Mimi ninasema Kiswahili tangu tumboni, lakini kwetu Bukavu hakuna mnazi. Sombe, yaani kisamvu, tunaitia mafuta ya mawese. Wali ni chakula cha siku moja moja. Kwa hiyo dai la BintiMakumbi ni dai la watu wa pwani, halihusu Waswahili wote, na ingefaa liandikwe hivyo.

Hata hivyo Kitagalogi ninakielewa kiasi cha kutosha, maana katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi zamu ya usiku wengi ni Wafilipino. Sikuingilia jikoni, niliingilia kwenye heshima. Walinifundisha kwanza kwamba dada mkubwa ni *Ate* na kaka mkubwa ni *Kuya*, na kwamba sentensi unayomwambia mtu mzima huwekewa *po*. Mtoto akimkuta mzee huuchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe na kusema *mano po*, na mzee hujibu kwa kumwombea rehema ya Mungu. Niliposikia hilo, mtu aliyelelewa kwenye shikamoo na marahaba hakuhitaji kufafanuliwa.

Jambo lililonigusa zaidi ni dogo. Usiku wa pili walifungua vyakula vyao, mmoja akanitazama akasema, "*Kain tayo*." Baadaye nilijua kwamba Kitagalogi kina "sisi" mbili: *kami* ni sisi bila wewe, *tayo* ni sisi pamoja na wewe. Kwa hiyo neno la kukaribisha chakula limeshamhesabu mgeni kabla hajajibu. Kiswahili changu hakina tofauti hiyo, wala jiko langu halikuwa na nafasi iliyochongwa kwa ajili yake, lakini nililishika usiku ule ule.

#8 BintiMakumbi

Ahsanteni nyote. Ndugu Mshindo, umenisahihisha vizuri, ninarekebisha: dai langu ni la jiko la nazi, si la lugha. Na hilo la *tayo* nilikuwa nalisikia kila siku bila kulipima. Tangu nimelisoma hapa ninalisikiliza. Jana yule wa Bicol aliniambia *kain tayo* nikiwa bado navua viatu mlangoni.

KijanaWaSatwa, umesema ni mshtuko. Lakini daftari lako limejaa maneno ambayo hayana uhusiano, na umeyakumbuka kwa sababu kila moja limekukuta mahali: rafu, karatasi, mtu fulani. Hilo si mbali na ninachokisema.

#9 UmmuSalim

Ningependa kuuliza jambo la matumizi. Nyingi ya vyakula vyao naona vina nguruwe, na mimi nimealikwa kwa jirani. Niseme nini bila kumvunjia heshima, na je, kuna vyakula vyao ambavyo Mwislamu anavila bila wasiwasi?

#10 BintiMakumbi

Nguruwe ni *baboy*. Ukiuliza "*May baboy po ba ito?*" utakuwa umeuliza kama kuna nguruwe, tena kwa adabu, na hakuna atakayeudhika. *Sinigang*, ile supu ya ukwaju, hupikwa pia kwa samaki (*isda*) au kamba (*hipon*). *Tinola* ni kuku kwa tangawizi, papai bichi na majani ya *malunggay*, ambayo ni mlonge wetu huu huu. Hapo uangalie tu kuku amechinjwa vipi. Kile chakula maarufu cha tui na pilipili kinachoitwa Bicol Express kwa kawaida ni cha nguruwe, lakini sisi nyumbani tunakipika kwa kamba.

#11 NahodhaMstaafu

Na usisahau, Ummu Salim, kwamba kusini mwa Ufilipino kuna Waislamu wa karne nyingi. Msikiti wa Sheikh Karimul Makhdum katika kisiwa cha Simunul unahesabiwa kuwa ni wa mwaka 1380, yaani Wahispania hawajafikiriwa bado. Nilikuwa na bosun, yaani mkuu wa mabaharia, wa kabila la Tausug la huko kusini, aliyetupikia *tiyula itum*, mchuzi mweusi wa ng'ombe, na weusi wake unatokana na nazi iliyochomwa mpaka ikawa makaa, kisha ikasagwa pamoja na viungo. Nazi tena, Mwalimu. Bahari tena.

Na neno lao la kushukuru ni *salamat*. Usiniambie na hilo nalo halifanani na salama kwa sauti.

#12 MwalimuWaSarufi

Linafanana, na sababu inajulikana. *Salamat* ni la Kiarabu lililopita kwenye Kimalai, na salama yetu tumeipokea Kiarabu mlangoni. Vivyo hivyo *hukom*, yaani hakimu, na hukumu yetu. *Akala*, yaani dhana, na akili yetu. *Alak*, yaani pombe, ambalo ni araki. Hizi ni njia mbili za neno moja, kila moja imeshika upande wake wa Bahari ya Hindi.

Kisha kuna Wareno na Wahispania, majirani wenye lugha zinazokaribiana. Mreno alituachia meza na bendera, Mhispania akawaachia wao *mesa* na *bandera*. Sukari yetu imetoka kwa Mwarabu moja kwa moja, na *asukal* yao imetoka kwa Mhispania aliyeichukua kwa Mwarabu. Utamu zaidi uko kwenye *atsara*, kachumbari ya papai bichi iliyolala kwenye siki na sukari, ambayo haikosekani karibu na nyama ya kuchoma. Ni achari hii tunayoinunua Mwembe Tayari. Asili yake ni upande wa Uajemi na India, ikaenda mashariki na ikaja magharibi.

Kwa hiyo, Nahodha, ninakubali bahari ipo. Ninachokataa ni kwamba bahari ndiyo iliyotupa mpunga, mchele na wali.

#13 PembaKwetu

Mwalimu anakubali nusu nusu kama mtu anayelipa deni kwa mafungu.

Mimi naleta chakula ambacho hakuna aliyekitaja. Wakati wa Krismasi Wafilipino husali alfajiri siku tisa, tarehe 16 mpaka 24 Desemba, na wakitoka kanisani nje hukuta wanauza *bibingka*. Nimeonyeshwa inavyopikwa: mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, sukari, unamiminwa kwenye chombo cha udongo kilichotandikwa jani la mgomba, makaa yanawekwa chini na makaa yanawekwa juu. Nilimwambia aliyenionyesha, "Huu ni mkate wa kumimina." Mchele uliolowekwa, tui, sukari, moto chini, moto juu. Tofauti ni kwamba wa kwetu una hiliki na hamira na hutiwa kwenye sufuria, na wa kwao una jani na wakati mwingine yai lililotiwa chumvi juu yake.

Goa nako, huko India kulikotawaliwa na Wareno, kuna kitamutamu cha tui kinachoitwa bebinca. Kuna wanaosema Wareno ndio walioisambaza mbinu hiyo, kuna wanaosema ilitoka India, na kuna wanaosema jina limetoka mashariki likaenda Goa. Mimi nasema anayetaka mkate uive juu na chini naye hana tanuri, hana njia nyingine ila kupandisha makaa kwenye kifuniko. Umaskini wa tanuri umefundisha nchi zote.

#14 NahodhaMstaafu

Na jani la mgomba je? Na tui je? PembaKwetu, umenipa ushahidi mzuri kuliko wangu kisha ukaukataa mwenyewe.

#15 KijanaWaSatwa

Kuna jambo limepita bila kusahihishwa. Tunasema "Wafilipino" na "Kitagalogi" kana kwamba ni kitu kimoja. Chumbani kwangu tuko na Wafilipino watatu, na wawili kati yao lugha yao ya nyumbani ni Kisebuano. Wakizungumza wao kwa wao yule Mtagalogi anabaki kuuliza. Kwa hiyo dada, yule wa Bicol anakufundisha maneno ya wapi?

#16 MwalimuWaSarufi

Swali zuri. Nchi ile ina lugha zaidi ya mia moja. Rais Manuel Quezon alitangaza mwishoni mwa mwaka 1937 kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya Kitagalogi. Mwaka 1959 ikaitwa Pilipino, na katiba ya mwaka 1987 ikaiita Filipino. Sisi tunayajua mambo hayo, kwa kuwa Kiswahili sanifu nacho kilijengwa juu ya Kiunguja, na Mmvita au Mwamu hajaacha kuuliza kwa nini isiwe lahaja yake.

#17 BintiMakumbi

Nimemuuliza leo mchana. Amesema Kitagalogi alikijua shuleni na kwenye televisheni, na nyumbani kwao ni Kibikol. Yale majani ya magimbi yanayopikwa kwa tui na pilipili mpaka yawe mazito, ambayo mimi nilifundishwa kuyaita *laing*, kwao wanayaita *natong*. Aliniambia hivyo huku akiyachambua, akanionya nisiyakoroge mapema yasije yakanikereketa kooni. Bibi yangu alikuwa anatuonya hivyo hivyo juu ya majani ya magimbi.

#18 Mshindo_Bukavu

Ninauliza sarufi sasa. Mbona majina mengi ya vyakula hivi yana "in" katikati au mwanzoni: *sinigang, sinangag, ginataan, tinola, inihaw*?

#19 MwalimuWaSarufi

Hapo ndipo jiko linapoanza kufundisha lugha yenyewe. Hicho ni kiambishi kati, kinachopenyezwa baada ya konsonanti ya kwanza ya mzizi, na hueleza kwamba kitu kimefanyiwa jambo. *Sangag* ni kukaanga wali, *sinangag* ni wali uliokaangwa, kwa kawaida na kitunguu saumu. *Gata* ni tui, *ginataan* ni kilichotiwa tui. *Ihaw* ni kuchoma, na kwa kuwa hakuna konsonanti mbele, kiambishi kinakaa mwanzoni: *inihaw*, kilichochomwa. Sisi tunasema "kilichochomwa" kwa kupanga viambishi mbele na kuweka *-wa* nyuma. Wao wanaupasua mzizi na kupenya. Mtu akishajua majina ya vyakula vitano ameshajua kanuni, ndipo akisikia *kain*, kula, na kisha *kinain*, kilichotendeka ni kuliwa, hashangai tena.

Na kwa nyakati, hurudia silabi. *Nagluto* amepika, *nagluluto* anapika, *magluluto* atapika. Muda wote ambao chungu kiko motoni, neno nalo linarudia.

#20 MamaWaWatatu_Tanga

Mwalimu, hili umelieleza vizuri kiasi kwamba nimelisoma kwa sauti hapa nyumbani.

Na mimi niongeze ladha, maana ndizo zilizonishangaza kwa yule jirani. *Maasim* ni chachu, *mapait* ni chungu, *matamis* ni tamu, *maanghang* ni kali ya pilipili. Hayo kila lugha inayo. Lakini nilimpa ndizi ambayo haijaiva sawasawa akasema *mapakla*, akikunja ulimi, nikajua huo ni ukakasi. Na alipoosha mikono baada ya kupara samaki, akainusa, akarudia kuosha kwa ndimu, akasema *malansa*. Shombo! Nimeishi na watu wa bara miaka mingi, na mara ngapi nimekosa namna ya kuwaeleza shombo ni nini.

#21 Mshindo_Bukavu

Mama, watu wa bara wenye ziwa shombo tunaijua. Njoo Bukavu asubuhi dagaa wetu wa ziwani, sambaza, wanaposhushwa.

#22 MamaWaWatatu_Tanga

Nimekosa, baba. Ninaondoa neno "bara".

#23 UmmuSalim

Nimerudi kutoka kwa jirani. Nilisema ile sentensi ya *baboy*, akaniambia amekwisha kumwondoa nguruwe kwenye menyu tangu aliponialika. Alitupikia muhogo kwa tui, akauita *kamoteng kahoy*. Nilimuuliza maana yake akasema ni kiazi kitamu cha mti.

#24 NahodhaMstaafu

*Kamote* lilitoka Meksiko, Ummu Salim. Merikebu za Wahispania zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Manila na Acapulco tangu mwaka 1565 mpaka 1815, zikaleta viazi vitamu, na jina lake la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, likaja nalo. Muhogo ulipofika wakaona mzizi wenye wanga, lakini juu yake kuna kijiti, wakauita kamote ya mti. Hapo, Mwalimu, bahari imeleta mmea na jina kwa pamoja.

#25 MwalimuWaSarufi

Hapo sina la kupinga. Lakini sisi tulipoupokea muhogo hatukuuita kiazi cha mti. Mimea ile ile, vichwa viwili tofauti. Ndiyo hoja yangu tangu chapisho la tatu.

#26 PembaKwetu

Basi mnipe jambo moja la kulala nalo. Sisi dafu halikomi kuwa dafu likageuka nazi kwa siku moja. Kuna kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Dada BintiMakumbi, muulize mwenzako wa Quezon kama wao wana koroma. Akiwa nayo nitaamini dai lako.

#27 BintiMakumbi

Nimemuuliza sasa hivi, anaosha vyombo. Amekausha mikono kwanza. Amesema wao hulipima dafu kwa nyama yake: ikiwa laini ya kuteleza huitwa *malauhog*, yaani kama kamasi, ikishika kidogo huitwa *malakanin*, yaani kama wali, na ikiwa ngumu inayotafunika huitwa *malakatad*, yaani kama ngozi. Nimemwonyesha kwa vidole unene wa nyama ya koroma. Amesema hiyo ni *malakatad*, kisha akasita, akasema inaweza kuwa imepita hapo kidogo, na kwamba ili aamue inabidi tuipasue. Hapa jirani madafu yanauzwa kuanzia Alhamisi. Nimemwandikia *koroma* kwenye karatasi iliyoko mlangoni mwa jokofu, na mbele yake tumeacha nafasi wazi.

#28 PembaKwetu

Alhamisi nitakuwepo hapa. Pasueni mbili.